Kijiko cha mfuto: hotuba kuhusu unga wa mizizi ya ashwagandha

Wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo. Tangazo liliwaomba kila mmoja aje na vitu viwili: kijiko cha chai anachotumia nyumbani kwake, na pakiti ya unga kama anayo. Viwekeni karibu, tutavihitaji. Mizani ile ndogo mezani ni ya aina wanayotumia masonara, inasoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na ndiyo sababu hasa ya kukutana hapa.

Tuanze na mmea wenyewe. Ashwagandha ni kichaka kifupi, mara nyingi cha kufika kiunoni au kifuani, chenye majani yaliyofunikwa na vinyweleo vya kijivu, na tunda dogo jekundu lililojificha ndani ya ganda jepesi kama karatasi. Wataalamu wa mimea wanauita Withania somnifera. Ni wa ukoo mmoja na nyanya, biringanya, pilipili, viazi mviringo, mnavu na tumbaku. Ukiujua ukoo huo hutashangaa kwamba mmea mmoja una sehemu ya kutumia na sehemu ya kuogopa. Jina lake la Kisanskriti ni maneno mawili, ashva ni farasi na gandha ni harufu, na aliyewahi kufungua gunia la mizizi hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Somnifera ni Kilatini, maana yake kinacholeta usingizi.

Kichaka hiki kinaota porini hata huku Afrika Mashariki, sehemu kavu. Lakini unga wa madukani kwa kawaida hutoka India, na eneo linalojulikana zaidi kwa kilimo chake ni Mandsaur na Neemuch, katika jimbo la Madhya Pradesh. Wakulima wa huko hupanda wakati wa mvua za masika ya India, hung'oa kati ya Januari na Machi, mmea ukiwa na miezi mitano au sita. Shina hukatwa, mizizi huoshwa na kuanikwa, kisha hupigwa kwa fimbo ili udongo na vimizizi vidondoke. Ndipo hupangwa kwa madaraja. Mizizi minene iliyonyooka, urefu kama sentimita 7 na unene wa sentimita 1 hadi 1.5, ni daraja la A. Vipande na vimizizi vyembamba ni daraja la D. Vikishasagwa, jicho haliwezi kutofautisha A na D, kwa hiyo anayekuuzia unga kwa bei ya A akikupa D huna la kumwambia. Mzizi mzima unajieleza wenyewe: ukiwa mkavu sawasawa unavunjika kwa mlio, na ndani ni mweupe wenye wanga, si wa nyuzi na si wa kahawia.

Msichimbe ule wa porini. Watu wengi hawautofautishi na ndulele, ambao ni ndugu yake mwenye sumu, na hata ukiupata wenyewe hujui umri wake wala nguvu yake.

Sasa hili neno adaptojeni linaloandikwa kwenye kila kopo. Lilitungwa mwaka 1947 katika Muungano wa Kisovieti na Nikolai Lazarev, akitafuta vitu vya kuusaidia mwili kuhimili taabu za aina yoyote, na baadaye Israel Brekhman akaliendeleza kwa utafiti wa mizizi ya Siberia. Ashwagandha iliingizwa katika kundi hilo baadaye sana. Kwa Wahindi wa kale yenyewe ilikuwa tayari na jina lake, rasayana, dawa ya kujenga mwili uliochoka. Shirika la dawa la Ulaya mwaka 2008 lilitamka kwamba neno adaptojeni halijakubalika katika elimu ya dawa, kwa sababu halionyeshi ugonjwa gani unatibiwa wala kwa njia ipi. Sisi hatulikatai neno lenyewe. Tunachosema ni kwamba ukilikuta kwenye kopo, bado hujaambiwa kitu.

Kilichopimwa ni nini, basi? Mwaka 2012 watafiti wa India walichapisha jaribio la watu 64 waliokuwa na msongo wa mawazo wa muda mrefu. Kundi moja lilipewa dondoo la mzizi, yaani vumbi lenye nguvu nyingi ambalo tutalieleza mbele, miligramu 300 mara mbili kwa siku, jingine likapewa kidonge kisicho na dawa ndani, kwa siku 60. Waliopata dondoo walitulia zaidi, na kortisoli, homoni inayopanda mtu akiwa katika hekaheka, ilishuka zaidi katika damu yao. Mwaka 2021 ukatoka uchambuzi uliounganisha majaribio 5 kuhusu usingizi, jumla ya watu 400. Faida ilionekana lakini ndogo, na ilikuwa bora kwa waliotumia miligramu 600 au zaidi kwa siku kwa muda wa wiki 8 au zaidi. Kuna pia jaribio la mwaka 2015 la wanaume 57 waliokuwa wakinyanyua vyuma, ambapo waliopata dondoo waliongeza nguvu na misuli kuliko wenzao.

Majaribio haya ni madogo na ni ya muda mfupi. Yalifanyika kwa watu wengine, si kwa mama mwenye presha na kisukari anayemeza vidonge vitano kila asubuhi. Kwa hiyo anayekwambia ashwagandha inatibu kisukari, au inarudisha nywele, anauza maneno. Na juu ya nguvu za kiume, kwa kuwa ndilo swali linaloulizwa pembeni baada ya kila mkutano: mtu anayelala vizuri na kupunguza wasiwasi huenda akaona nafuu na huko pia. Lakini unga ukifanya kazi ndani ya saa moja, huo si mzizi. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuta sildenafil, dawa ya hospitali, ikiwa imechanganywa kwa siri katika bidhaa za namna hiyo. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kuishusha presha mpaka akafa.

Tugeukie pakiti. Geuzeni nyuma, someni pamoja nasi.

Jambo la kwanza ni sehemu ya mmea. Pakiti za Kiingereza ziandike "root", yaani mzizi, na mzizi peke yake. Kama kuna neno "leaf" hapo, ni majani, na kama pametajwa jina la mmea tu bila sehemu, tuseme hujui. Majani yana kiasi kikubwa zaidi cha kemikali iitwayo withaferini A, ambayo maabara inaitazama kwa hofu kwa sababu inaua seli. Oktoba 2021 wizara ya India inayosimamia tiba za asili, AYUSH, iliwaandikia watengenezaji waache kutumia majani. Majani huchanganywa kwa sababu ni rahisi: mzizi unamaliza mmea mzima, majani yanavunwa bure. Unga wa mzizi mtupu una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, au kahawia hafifu. Ukiona ukijani, rudisha. Ladha yake ni chungu inayokwaruza koo. Unga mtamu au usio na ladha yoyote umeongezwa kitu.

Wapo wanaofundisha kupima uongo kwa iodini: weka tone, ukigeuka buluu basi umechanganywa na unga wa mahindi. Kipimo hicho hakifai hapa. Mzizi wa ashwagandha una wanga wake mwingi wa asili, hivyo hata ulio safi kabisa utageuka buluu. Njia ya uhakika ya nyumbani ni moja tu, kununua mizizi mizima na kuisaga mwenyewe. Ianike tena juani siku moja mpaka ivunjike kwa mlio, itwange kwenye kinu, chekecha kwa kitambaa chepesi, makapi yarudi kinuni. Usiipeleke kwenye mashine ya kusaga mahindi: utapata mabaki ya unga wa watu, na watu watapata mabaki ya dawa yako. Na jifunge kitambaa puani, vumbi lake linachokoza kifua.

Jambo la pili ni namba za usajili na uchunguzi. Tanzania, dawa za asili zinasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya, ni Bodi ya Dawa na Sumu. Hatusemi hivyo kwa kupenda karatasi. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti Marekani wa bidhaa 193 za tiba ya Kihindi zilizonunuliwa kwenye intaneti, na takriban moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi haina harufu wala ladha, na ulimi wako hautakusaidia. Muulize muuzaji karatasi ya maabara ya shehena hiyo, si ya kampuni kwa jumla. Asiyekuwa nayo mara nyingi hukasirika, na hasira hiyo nayo ni jibu.

Jambo la tatu ndilo linalowapoteza watu wengi kuliko yote, kwa hiyo tutakaa nalo. Sokoni kuna vitu viwili vyenye jina moja. Kuna unga wa mzizi, yaani mzizi uliosagwa basi. Na kuna dondoo, ambalo ni mzizi uliochemshwa au kulowekwa kwenye kilevi, maji yake yakakaushwa, likabaki vumbi lenye nguvu nyingi. Kwenye kopo utaona neno ekstrakti na asilimia ya withanolaidi, kundi la kemikali linalotumika kupimia nguvu ya mzizi huu.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Dondoo la asilimia 5, miligramu 300, lina withanolaidi miligramu 15. Unga wa mzizi wenye asilimia 0.3 unahitaji gramu 5 nzima kufikia miligramu 15 hizo hizo. Ni mara kumi na sita na zaidi kwa uzito. Sasa angalieni makosa mawili yanavyozaliwa. Mtu amesoma mahali kwamba majaribio yalitumia miligramu 600 kwa siku, anachota unga wa kawaida kidogo kwa ncha ya kisu, anakunywa miezi miwili, haoni kitu, anasema dawa za Wahindi ni uongo. Mwenzake amesikia kwa bibi kizee wa jirani kwamba kiasi ni gramu 5, naye ana kopo la dondoo la asilimia 5, anachota kijiko kizima. Huyo amemeza withanolaidi miligramu 250, zaidi ya mara nane ya walichopewa watu wa jaribio kwa siku. Ini lake ndilo litakalolipa.

Kuanzia hapa tunazungumzia unga wa mzizi peke yake. Wenye dondoo wafuate miligramu zilizoandikwa kwenye kopo, na wasizidi 600 kwa siku kwa lile la asilimia 5.

Kitabu cha rasmi cha dawa za Ayurveda, tiba ya asili ya India, kinataja gramu 3 hadi 6 za unga kwa siku, na Shirika la Afya Duniani katika maelezo yake ya mzizi huu limetaja kiasi hicho hicho. Kwa matumizi ya kila siku ya mtu mzima mwenye afya, sisi tunashauri gramu 3, na hatuoni sababu ya kuivuka 5. Hapo ndipo kijiko kinapoingia. Kijiko cha chai cha kupimia, kile cha mililita 5, kikiwa cha mfuto, yaani kimepitishwa kisu juu kikawa sawa na ukingo, hubeba gramu 2.5 hivi za unga huu, pungufu au zaidi kidogo kwa kadiri ulivyosagwa. Kijiko hicho hicho kikijaa mlima kinaweza kufika gramu 5 au kuipita. Na vijiko vya nyumbani havilingani: kuna vya kukorogea kahawa, kuna vile vya seti ya harusi ambavyo ni karibu vya supu. Ndiyo maana maelekezo ya "kijiko kimoja asubuhi na jioni" hayana maana mpaka kijiko chenyewe kipimwe. Pima mara moja, andika gramu zake kwenye karatasi, bandika kwenye kopo, na usibadilishe kijiko.

Siku nne za kwanza tumia gramu 1. Siku tatu zinazofuata, gramu 2. Wiki ya pili uingie kwenye gramu 3, ukae hapo. Hatupandi taratibu kwa sherehe tu. Mzizi huu ukianza nao kwa kiasi kikubwa, hasa tumbo likiwa tupu, huleta kichefuchefu na kuharisha, na mtu huacha siku ya tatu akidhani haumfai. Kunywa baada ya chakula. Wanaofunga Ramadhani wanywe baada ya kufuturu na kula, wasifungulie unga.

Wengi hunywa jioni, saa moja kabla ya kulala, kwa maziwa. Kwa mtu mmoja: unga gramu 3, maziwa mililita 150, maji mililita 100, hiliki mbili zilizopondwa. Koroga unga kwenye vijiko viwili vya maziwa ya baridi mpaka uwe uji mzito usio na madonge. Hatua hiyo usiiruke. Ukimwaga unga mkavu kwenye maziwa yanayochemka, wanga wa nje unaiva papo hapo na kufungia unga mbichi ndani, kama ugali uliosongwa na mvivu. Changanya na maziwa na maji yaliyobaki, weka moto mdogo, koroga dakika 10 hadi 15 mpaka kimiminika kirudi kiasi cha yale maziwa uliyoanza nayo. Moto mkubwa utafurisha maziwa na kuunguza chini, na unga uliogandia kwenye sufuria ni dozi iliyopotea. Epua, subiri yawe vuguvugu, ndipo utie asali ukitaka. Wahindi wa Ayurveda hawapashi asali moto kabisa, na hawachanganyi asali na samli kwa uzito sawa. Sababu zao ni zao, lakini harufu ya asali kweli inaondoka kwenye moto. Kijiko kidogo cha samli kinapunguza ukakasi wa kooni. Unapokunywa, koroga kila mara, kwa sababu unga unazama. Mimina maji kidogo kwenye kikombe, suuza, unywe na hayo.

Kanuni ya kale ni kavu zaidi: sehemu 1 ya mzizi, 8 za maziwa, 32 za maji, chemsha mpaka yabaki maziwa peke yake. Kwa gramu 3 ni mililita 24 za maziwa na 96 za maji, unaishia na mafunda mawili machungu. Asiyependa kinywaji kirefu afanye hivyo.

Tumbo likiendelea kuunguruma hata kwa gramu 1, kabla ya kuulaumu mzizi, yajaribu maziwa yenyewe bila unga. Watu wazima wengi wa Afrika hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na yule ambaye hajanywa maziwa tangu utotoni anaanza na glasi kila usiku kwa ajili ya dawa, kisha anaharishia maziwa. Badilisha, tumia uji mwepesi, mtindi, au maji ya moto na tangawizi.

Gramu tunazo, inabaki kalenda. Usitegemee kitu wiki ya kwanza. Wengine husikia usingizi mapema, na hao wasiendeshe gari wala bodaboda baada ya kunywa mpaka waujue mwili wao. Pombe usiku huo huo iachwe, huongeza usingizi na mzigo wa ini. Wapo wachache ambao mzizi huu huwachangamsha badala ya kuwalaza, wakihamia asubuhi mambo hutulia. Kwa wengi, tofauti, kama ipo, inaonekana kati ya wiki ya nne na ya nane. Mkifika wiki 8, acheni mwezi mmoja. Majaribio mengi hayakuvuka miezi mitatu, na hatuna haki ya kuahidi usalama wa mwaka mzima. Kama baada ya wiki 8 hujaona tofauti, basi si dawa yako, na kuongeza kiasi hakutaigeuza.

Hesabu ya pakiti ni mlinzi mzuri. Kwa mpango huu wiki 8 zinakula gramu 157: 4 za mwanzo, 6 zinazofuata, na 147 za siku 49 zilizobaki. Pakiti mbili za gramu 100 zinatosha na kubaki. Ikiwa pakiti yako ya gramu 100 inaisha kwa siku kumi, huna haja ya mizani kujua unakunywa gramu 10 kwa siku.

Andikeni pia mapigo ya moyo. Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, weka vidole kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima, andika. Sababu ni tezi ya shingo. Mzizi huu unaweza kuongeza homoni zake; jaribio la mwaka 2018 lililofanywa kwa watu 50 wenye tezi iliyolegea kidogo lilionyesha hivyo, na wameripotiwa wagonjwa ambao tezi zao zilipita kiasi. Mapigo yakipanda kwa siku kadhaa mfululizo bila sababu, mikono ikatetemeka, ukawa unatoka jasho na kukonda, acha na ukapime tezi. Wengi hudhani ni nguvu mpya zimeingia.

Kuna hili la ini, nasi tunalisema kwa sauti. Mwaka 2020 madaktari wa Iceland na Marekani walichapisha habari za wagonjwa watano walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha. Dalili zilianza wiki 2 hadi 12 tangu waanze: macho ya njano na mwili kuwasha. Vipimo vya ini vya wanne vilirudi sawa, lakini ilichukua mwezi mmoja hadi mitano; wa tano hakufuatiliwa mpaka mwisho. Denmaki ilipiga marufuku mmea huu katika vyakula na virutubisho mwaka 2023. Madhara hayo ni ya nadra, na hatuna nia ya kumtisha mtu. Ila kwa kuwa ni nadra, hakuna anayeyategemea, na huku kwetu mtu akiona macho ya njano hutafuta dawa nyingine ya miti shamba juu ya ile ya kwanza. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, kinyesi kikipauka, ngozi ikiwasha bila vipele, macho yakigeuka njano, acha siku hiyo hiyo, nenda hospitali, na uende na pakiti yenyewe mkononi. Mwambie daktari bila aibu. Omba kipimo cha ini. Ukishapona usijaribu tena kuona kama ndiyo ilikuwa sababu.

Wasiopaswa kuigusa kabisa: mjamzito na anayetarajia kuwa mjamzito, kwa sababu mzizi huu umetajwa tangu zamani kwamba unaweza kuharibu mimba, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye tezi inayozidisha homoni, mwenye saratani ya tezi dume, mtoto. Anayemeza dawa za kifua kikuu asubiri amalize, kwa kuwa dawa hizo zenyewe huliumiza ini, na yakitokea matatizo hakuna atakayejua nani kafanya. Anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, baada ya kupandikizwa figo kwa mfano, au mwenye ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wake, aiache, kwani mzizi huu unaweza kuichochea kinga.

Wa kuuliza kwanza ni wenye kisukari na presha walio kwenye dawa, kwa sababu vipimo vinaweza kushuka kupita kiasi. Wanaotumia dawa za kifafa au za usingizi. Wanaomeza homoni ya tezi. Walio kwenye ARV. Atakayefanyiwa upasuaji aache wiki mbili kabla na amwambie daktari wa usingizi. Kuna aliyeandika kwenye kikaratasi akiuliza kama anaweza kupunguza vidonge vya presha akianza unga. Hapana. Kidonge kinapunguzwa na aliyekiandika.

Kuhifadhi ni jambo fupi, ila wa pwani wasikilize. Hewa ya Unguja, Tanga na Mombasa ina unyevu wa kutosha kuharibu unga huu kwenye pakiti iliyofungwa kwa kibanio cha nguo. Uhamishie kwenye chupa ya kioo kavu yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko na jua. Kijiko kinachoingia kiwe kikavu, si kile ulichokorogea. Ukishikana mabonge, ukanuka uvundo au ukaona utando, mwaga wote. Kuchekecha kunaondoa ukungu unaouona, sumukuvu inabaki. Friji tunaikataza, kwa kuwa kila ukitoa chupa baridi na kuifungua, unyevu wa hewa unaganda juu ya unga. Ni afadhali kununua gramu 100 kila mara kuliko kilo kwa bei ya jumla.

Sasa sogeeni mezani kwa mistari, wa mbele kwanza. Kopo lililo wazi lina unga wa mzizi wa kupimia, si wa kunywa. Chota kwa kijiko chako, pitisha kisu juu, mimina kwenye sahani ya mizani, soma namba. Kisha chota kama unavyochota nyumbani kila siku, bila kuona haya, usome namba ya pili. Ziandikeni zote mbili kwenye kikaratasi cha gundi mtakachopewa, na kibandikwe kwenye kopo kabla hamjatoka mlangoni.